Fomu Tisa Ndani ya Jalada

Kwa jina la Mola Mrehemevu, naanza kwa kukusalimu, mdogo wangu mpenzi, pamoja na shemeji na wanangu wote wa hapo nyumbani. Mgongo wako waendeleaje? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Macho yanafifia, lakini miguu bado inanifikisha kwenye ibada.

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha. Waniarifu kwamba pensheni yako ya kwanza imefika, shemeji ameezeka jiko, na kila usalipo unamwombea yule karani wa hifadhi ya uzeeni aliyezikataa fomu zetu. Nilicheka, kisha nikaona haya.

Wakumbuka sheria ya pensheni ilipotoka, jinsi karakana yetu ya kujalidi vitabu ilivyochemka. Mshonaji wa kurasa alilalama kwamba wakubwa wanataka kunywa jasho lake; wewe ukamjibu kuwa yeye jasho hana, hutoa usingizi tu. Karakana ndogo zilipewa mwezi mmoja: asiyekataa kwa maandishi angekatwa mshahara kwa lazima. Sote tisa tukajaza fomu za kukataa, mkanikabidhi mimi nizipeleke. Makato yalipoanza, mkaamini karani ametupuuza. Mkambandika jina la Kupe, na miaka nenda miaka rudi mkawa mnamgeuzia uso njiani.

Juma lililopita karakana waliniita nitazame rejista kuukuu ya shule, iliyopasuka jalada. Nilipolifumua, nilizikuta humo fomu zetu zote tisa, zimeshikana kwa gundi.

Ndugu yangu, karani hakukataa kitu. Hazikumfikia. Siku ile shule ilikuwa ikiisubiri rejista yake, nami kwa haraka nikachota karatasi mezani bila kutazama, nikazibandika kunenepesha jalada, kama tufanyavyo kwa karatasi chakavu. Nilipogundua kosa langu siku zile, rejista ilikwisha kwenda shuleni na muda wa kukataa ulikuwa umekwisha, nikanyamaza. Nilipoteza amana yenu, kisha nikamwacha asiye na hatia abebe lawama yangu.

Nimekwenda kumwomba radhi. Alicheka mpaka akavua miwani. Alisema wastaafu wetu sasa humpelekea mayai kwa shukrani, akanisihi nisiharakishe kuwaeleza, maana kuku wangali wanataga. Nilimjibu kwamba nimekwisha kuchelewa mno. Jana niliwaeleza wote. Mshonaji wa kurasa alinikumbatia, akauliza kama ninalo kosa jingine la namna hiyo.

Umebaki wewe. Humu bahashani imo fomu yako, gundi na yote, na mwandiko wako bado unasomeka: “Sitaki. Uzee wangu ni wangu mwenyewe.” Nairudisha kwa mwenyewe, nikikuomba msamaha.

Mola akupe afya ya kuufaidi uzee huo, alijaze heri jiko lenu jipya, na awahifadhi wote walalao chini ya paa lako.

Ndimi kaka yako,
Mjalidi mzee