Wimbo Wenye Cherehani ya Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Sisi wazima. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo haujambo. Mimi nimezama kwenye sare za shule, na kila Ijumaa nikishona natafuta kwenye simu nyimbo mpya za wasanii wasiojulikana, zile za polepole, sauti kama inatoka ndani ya ukungu. Mama huziita nyimbo za kulaza watoto.

Ijumaa iliyopita ulianza mmoja, kinanda kikivuma taratibu, na nyuma yake cherehani. Nikasimamisha yangu nikidhani ndiyo ninayoisikia. Ile ya kwenye wimbo ikaendelea, ikikwama kidogo kila baada ya mishono michache. Mama akainua kichwa.

"Hiyo ni yangu, ile kuukuu," akasema. "Na huyo anayeimba ni wangu pia."

Kumbe uliirekodi kabla hujaondoka! Tuliusikiliza mpaka simu ikazima. Mama alilia, akacheka, kisha akalalamika kwamba umekonda hadi sauti.

Sasa nikuambie lililonikaa rohoni miaka sita. Gitaa lako halikuibwa. Nililigawa mimi, nikiamini ukilikosa utatulia usome. Ukaondoka bila kuaga, nami nikanyamaza. Nilikosea, mdogo wangu. Wimbo wako ni mzuri mno, na naona aibu kuufurahia kabla hujalijua hilo.

Ukikasirika, una haki. Ila njoo ukasirikie hapa nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Fundi