Kadi ya Choo ya Laini ya Nne

Kimbo, Ruiru
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama mpendwa,

Mulembe, Mayi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limenyamaza sasa baridi inapoisha. Ng'ombe naye, yule mwenye madharau, amezaa? Mimi mwili wangu uko sawa. Hayo mengine ndiyo yamefanya nitafute kalamu.

Najua utauliza kwa nini barua na simu iko. Kwa simu nikisikia sauti yako nitasema tuko salama, wewe utasema haya asante, na uongo utakuwa umekaribishwa kiti. Erastus wa kwetu anakuja huko matanga, atakupa hii mkononi. Tafadhali usimpe mke wa pasta akusomee, hata kama miwani imevunjika tena.

Mdogo wangu Dorine ameniambia ulisimama kanisani ukatangaza kwamba binti yako amefutwa kazi kwa kutetea wanawake, ukaomba maharagwe ya kusaidia waliofutwa. Gunia lilifika. Nitarudi kwa hilo gunia.

Wacha nianze na kadi. Pale kiwandani tunashona suruali za jeans ambazo hatuwezi kuzivaa. Kila laini ina wanawake zaidi ya arobaini na kadi moja ya choo, kipande cha mbao chenye tundu na namba. Kadi ikiwa nje, unangoja, hata kama umebanwa namna gani. Waceke, yule jirani yangu wa mashine, husema wale wanaonunua hizo suruali ng'ambo wangejua kila mshono umeshonwa na mtu aliyekunja miguu, wangezivaa kwa heshima.

Mwaka huu Owino wa chama cha wafanyakazi, kutoka Thika, alitueleza kwamba zaidi ya nusu yetu tukitia sahihi Fomu S, kampuni italazimika kukitambua chama. Tuko mia nne na kumi na wawili, kwa hivyo sahihi mia mbili na saba. Shida ilikuwa mahali. Langoni kuna askari. Wakati wa chakula masupavaiza walianza kula na sisi, mapenzi ya ghafla.

Ni Rachael wa mashine ya ovaloki aliyefumbua jambo. Alisema kiwanda chote mlango unaofungwa kwa ndani ni wa choo tu, na wao wenyewe wameamuru tuingie mmoja mmoja. Basi fomu zikawekwa kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya tangi la maji, kalamu ikafungwa kwa uzi wa jeans. Laini nyingine zikatuiga. Supavaiza wetu Maina alishangaa wanawake wamepatwa na nini tumboni, hata akaagiza maji yapimwe. Maji yalikuwa safi.

Lakini hakuna aliyetaka jina lake liwe la kwanza. Hapo ndipo nilipokutumia wewe, Mama. Niliwahadithia kiwanda cha nguo cha Thika ulikofanya kazi, jinsi wanaume wa chama walivyowaita ninyi wanawake kwenye mkutano kisha wakawatuma jikoni. Nikawaambia mlivyopeleka chai bila sukari, na ulivyosema sukari itakuja siku mwanamke atapewa kiti kwenye kamati. Waceke alicheka mpaka akavunja sindano. Nikawaambia ulitia dole gumba kwanza kabla ya wote, ukiwa bado hujaenda ngumbaru, na mimi nikiwa tumboni mwako. Nikawaonyesha ile kadi yako nyekundu ya chama. Kisha nikasema mstari wa kwanza wa fomu ya Laini ya Nne ni wangu, wasiogope, watie chini yangu. Nikaukunja ule mstari kwa nyuma, nikiwaambia ni kuficha jina la kiongozi, fomu ikinaswa.

Wakatia. Siku tisa kadi ilizunguka.

Siku ya kuhesabu, mbele ya afisa wa leba kutoka serikalini, sahihi zilikuwa mia moja tisini na nane. Tulipungukiwa na tisa. Owino alivaa kofia yake, akasema sheria imesema. Na kwa kuwa majina yalishasomwa mbele ya kampuni, mwisho wa mwezi mikataba ya waliotia sahihi Laini ya Nne, tulikoanzia, haikuandikwa upya. Lynn wa HR alitueleza vizuri kwamba hakuna aliyefutwa, mkataba umeisha tu, kama vile maiti hauawi na mtu, pumzi ndiyo imekatika. Rachael sasa anauza mahindi ya kuchemsha hapa steji ya matatu. Waceke anawafulia wanafunzi kule Juja. Anasema angalau anaenda choo akitaka.

Sasa Mama, kaa chini.

Mimi sikufutwa. Wiki iliyofuata Lynn aliniita, akanipa chai yenye sukari. Alisema walinishuku kuwa ndimi kichwa cha mambo, lakini wamepitia fomu zote na jina langu halimo. Akaniomba msamaha. Nilimsamehe, unaweza kufikiria?

Niliingia na kadi mara tatu. Mara ya kwanza nilijiambia mkono umelowa. Mara ya pili kuna mtu alibisha mlango. Mara ya tatu hakukuwa na sababu. Nilikunjua ule mstari, nikashika kalamu, nikaona majina yao yamepangana chini ya nafasi tupu, Rachael wa kwanza na mwandiko wake wa kulala, nikafikiria karo ya Dorine na mkataba wangu. Nikaukunja tena. Nikavuta maji ili nisikike nimefanya kitu.

Nimejaribu kujifariji kwamba jina moja lisingeziba pengo la tisa. Halafu Ngina, mmoja wa wachache tuliobaki, aliniambia siku moja tukinawa mikono kwamba yeye na wengine wa mwisho waliukunjua ule mstari wapate moyo kwa kuona jina langu. Waliona peupe, wakarudisha kalamu. Niliuliza walikuwa wangapi. Aliangalia mikono yake. Akasema walizidi tisa.

Hao wengine hawajui. Niliwaambia mkataba wangu ulianza baada ya yao, kwa hivyo zamu yangu yaja. Walinionea huruma. Gunia lako lilipofika nilimpelekea Rachael agawe. Aligawa kwa mkebe, na akaniwekea fungu langu. Nililipika. Liliiva haraka.

Na kuna moja zaidi. Maina amehamishwa. Tangu mwezi jana supavaiza wa Laini ya Nne ni mimi. Wamenipa wasichana wapya, wengi wa Mwiki, wanaogopa hata kukohoa. Kadi ya choo inaning'inia mezani pangu, na mimi ndiye huwauliza kama hawakwenda sasa hivi tu. Jana mmoja alinijibu, haki ya Mungu madam, nina mimba. Nilimpa. Lakini nilimuuliza kwanza.

Ndani ya bahasha utakuta kadi yako nyekundu. Siwezi kukaa nayo nyumba moja. Jumapili ijayo, ukiweza, mwambie pasta aliondoe jina langu kwenye maombi ya mashujaa, aliache kwenye yale ya kawaida kama kuna nafasi. Ukitaka kumweleza Rachael mwenyewe, namba yake Dorine anayo. Mimi kila jioni napita pale steji, ananichagulia hindi laini, nashukuru, naenda.

Nisalimie wote wa nyumbani, mama wa kwaya, na jirani wa mtoni aliyetoa maharagwe mekundu, yalikuwa matamu. Usinijibu upesi. Usipojibu kabisa pia nitaelewa. Hapa chini nimeandika jina langu lote, la kwanza na la mwisho, na nikatia sahihi, kwenye karatasi ambayo haimwokoi mtu.

Binti yako,
Nekoye Wafula