Jina Kifuani

Mikumi, Jumanne

Nimeitundika sare ikitazama ukuta, nisilione lile jina la Rehema kifuani.

Siku ya kwanza pale hotelini nilimwambia bosi kwamba mimi naitwa Ester. Akasema, "Sare ipo, jina lipo. Nikishona lako, kesho na wewe utaondoka." Nilihitaji kazi, nikaivaa sare. Sasa wote wananiita Rehema.

Leo mama mmoja kutoka Kidete alifika getini kumuulizia binti yake Rehema. Simu yake haipatikani tangu masika. Mlinzi akaniita mimi! Mjinga yule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunitazama usoni. Aliushika mkono wa sare yangu, akapapasa kiraka cha kwenye kiwiko. "Hiki nilikishona mimi. Mwenyewe yuko wapi?"

Sijui. Tukiuliza, bosi anasema aliacha kazi tu. Lakini mtu anaachaje kazi bila hata kurudi kwa…

Nilitaka kumwambia ukweli. Bosi akaita kutoka barazani: "Rehema! Wageni wanasubiri!"

Tuligeuka wote wawili. Yule mama alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Nikaitika, "Abee."