Kadi Zilizokuwa Chini ya Meza

4 Februari

Kwa dada yangu Kasuku,

Hujambo? Na watoto hawajambo? Sisi tuko salama. Wifi yako anakusalimu, anasema ukija uje na mdomo wako wote, nyumba imepoa.

Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Nimeianika juani siku tatu kama shati, wapi! Imekufa. Kwa hiyo ile namba niliyoandikisha kwenye kadi yangu ya kutafuta kazi hapo ofisini kwenu haifanyi kazi tena. Tafadhali ifute, weka ya mama wa duka la vifungo hapa jirani. Nimekuandikia nyuma ya karatasi hii kwa tarakimu kubwa. Simu ikija atagonga ukuta, tumeshakubaliana.

Huu ni mwezi wa kumi na nne tangu kiwanda kifungwe. Vile vyerehani mia mbili nilivyokuwa nikivitengeneza vimefunikwa turubai, na mimi naona kama nimefunikwa navyo. Najua mtegemea cha nduguye hufa maskini, kwa hiyo sikuombi upendeleo. Namba tu, mdogo wangu.

Ni mimi,
Kaka yako

17 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Watoto wazima, mmoja ameng'oka jino na analionyesha kwa kila mpita njia. Pole na simu! Nimecheka mpaka karani wa dirisha la pili akaniuliza kama nimepata mchumba.

Hapa tumeletewa mkuu mpya, mama mwenye viatu visivyotoa sauti, unashtukia tu yuko nyuma yako. Anataka kila karani apige simu hamsini kwa siku. Kadi za watafuta kazi zimekunjwa: jina liko ndani, nje kuna namba ya simu na aina ya kazi tu, eti tusipendelee ndugu zetu. Unapiga mara moja. Asipopatikana, unaandika nje "hapatikani", unaitupa kwenye boksi chini ya meza, unashika nyingine. Jioni sikio linawaka moto.

Namba yako nimeiona. Kesho asubuhi naibadilisha, kabla hata sijavua koti.

Mdogo wako,
Dada

21 Juni

Kasuku,

Salama lakini? Kimya chako kimezidi. Au kasuku amepaliwa na punje?

Yule mwenzangu wa kiwandani tuliyemwita Sindano amepata kazi hospitali, anatengeneza mashine za kushonea mashuka. Anasema ofisi yenu ndiyo iliyompigia, tangu Machi. Nilimpa mkono wa hongera, tena kwa moyo mweupe. Halafu nikarudi nyumbani nikajiuliza, mimi nina kasoro gani? Sindano huyo nilimfundisha mimi kufunga mkanda wa mashine.

Nitakuambia jambo, usimwambie wifi yako. Kila asubuhi nabeba mkoba wangu wa vifaa, natoka kama mtu mwenye kazi. Majirani wananiambia "kazi njema, fundi", nami naitikia. Nakwenda stendi ya mabasi, nakaa kwenye benchi nikisoma magazeti ya jana mpaka saa kumi. Mama wa duka siku hizi akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Niambie ukweli, mdogo wangu. Kadi yangu bado ipo?

Kaka yako

9 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Habari za nyumbani siulizi, sina uso wa kuziuliza.

Barua yako ya Juni niliisoma nikasema moyoni, avute subira, kazi ni chache. Sikwenda kuitazama kadi. Sasa waajiri wamelalamika kwamba tunawapelekea watu walewale, na wiki iliyopita mkuu aliamuru maboksi yote yafunguliwe. Langu lilikuwa na kadi mia tatu na kumi na mbili. Nilikuwa naliwekea miguu, kaka, maana kiti changu ni kirefu.

Kadi ya mia na sitini ilikuwa yako. Nje imeandikwa: tarehe tatu Machi, fundi wa vyerehani, hospitali, hapatikani. Mwandiko ni wangu, na ile h yenye mkia uliyokuwa ukinipiga vidole niiache. Nimeifungua, ndani nimekuta jina lako, na namba ya nje ni ya ile simu yako iliyokufa. Barua yako ya Februari nimeikuta kwenye droo, chini ya bahasha.

Ile "kesho asubuhi" yangu haikufika. Mimi ndiye niliyekupigia, nikasikia sauti ya mtandao ikisema haipatikani, nikaandika, nikaenda kunywa chai. Kazi ya Sindano ilianza kwako.

Kasoro si yako, ni yangu. Roho inanisuta mpaka nikikaa pale mezani sijui niiweke wapi miguu. Kuna shule ya ufundi inatafuta mtu kama wewe. Nimeshaiweka kadi yako juu ya zote. Sema ndiyo tu, na unisamehe.

Mdogo wako

2 Oktoba

Dada,

Barua nimeipata. Nimekasirika. Nimekasirika siku tisa, nikamfokea hata wifi yako asiyejua kosa lake. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nausikia tu msemo huo. Miezi yote hii nimejitazama kwenye kioo nikitafuta kasoro, kumbe kasoro yenyewe ni kesho yako.

Na hiyo shule usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Irudishe kadi yangu mahali ulipoikuta. Umesema tulikuwa mia tatu na kumi na mbili humo. Hao mia tatu na kumi na mmoja hawana dada ofisini. Nao wanabeba mikoba, Kasuku. Huenda wengine nimekaa nao benchi moja pale stendi, kila mtu akimdanganya mwenzake kwamba anasubiri basi.

Watafute. Simu zimekufa, lakini kwenye kadi si kuna anwani? Zamu yangu ikifika, niandikie kama unavyomwandikia mtu yeyote. Kabla ya hapo usiniandikie.

Msamaha leo sina. Nikiupata nitakuambia.

Kaka yako

4 Desemba

OFISI YA AJIRA, DIRISHA LA TATU
Kadi ya 160

Ndugu mtafuta kazi,

Tarehe tatu Machi tulikupigia simu mara moja, hukupatikana, tukakuweka kando bila kukutafuta tena. Kosa ni la ofisi. Zamu yako sasa imefika. Kiwanda cha magodoro hapa mjini kinahitaji fundi wa vyerehani vizito. Majaribio ni Jumatatu tarehe 14, saa mbili asubuhi. Njoo na vifaa vyako. Tafadhali tujulishe kama unapatikana.

Karani

Kaka, shikamoo. Hapo penye "la ofisi" mimi niliandika "langu", mkuu akakata. Hii ni barua ya mia na sitini, zote nimeziandika kwa mkono. Ile nafasi ya shule ilikwenda kwa kadi ya arobaini na moja, mama mmoja aliyelia pale dirishani mpaka nikalia naye. Sasa mkuu amepitisha kwamba hakuna kuandika hapatikani mpaka tupige siku tatu mbalimbali, kisha tutume barua.

Barua moja nilijibiwa na mke wa mtu. Alisema mumewe alikuwa akiulizia simu yetu kila siku, na alifariki mwezi Mei. Kwa huyo sijui nimwombe nani msamaha.

Mdogo wako

10 Desemba

Kwa Karani, Dirisha la Tatu,

Napatikana. Jumatatu nitafika na vifaa vyangu.

Kasuku, hujambo? Hapo juu nimeijibu ofisi, hapa nakujibu wewe. Ile h bado ina mkia. Wifi yako nimemwambia habari za stendi. Kumbe alijua siku nyingi, ndiyo maana kila asubuhi nilikuwa nakuta chupa ya chai ndani ya mkoba. Yule mjane uliyemtaja, endelea kumwandikia, hata kama huna la kumpa.

Msamaha haujatimia, lakini umeanza kuja. Jumatatu nikitoka kwenye majaribio nitapita kwenu, nitapanga foleni kama wengine. Namba yangu ikiitwa, usiiname. Inua uso unitazame.

Kaka yako