Katambuga za Baba Mlangoni

Kabula na Isaya,

Maharage yako jikoni, yapasheni yasichache. Isaya, usimtoe ndama kabla umande haujakauka. Mimi nimewahi parokiani, wanahija tunaondoka alfajiri.

Kabula, zile raba ulizoninunulia ~~nimezivaa, zinanibana kidogo tu~~ nimeziacha chini ya kiti. Usinune. Najua ulisema hakuna mtu mwenye akili anayepanda vilima vya Kisarawe na tairi la gari miguuni. Baba yenu alipanda na katambuga zake kila mwaka, mpaka mwaka jana alipoanguka kule kule njiani, akafa kabla ya kufika.

Siku tuliyogawa nguo zake, katambuga zake hakuna aliyezitaka, hata baba yenu mdogo. Nikazisugua mwenyewe, nikazifunga kwenye kiroba, nikaziweka juu ya kabati.

Leo nafungua mlango, nazikuta kizingitini, zimepangwa vizuri, zimeelekea njiani. Kiroba kiko pale pale juu, fundo langu halijaguswa, ila ni kitupu. Soli zimegandwa na ule udongo mweupe wa kule vilimani. Hapa Visiga udongo huo hatuna.

Kama mmoja wenu ndiye aliyezitoa, aseme nikirudi, sitagomba. Ila niliwachungulia, mlikuwa mnakoroma wote wawili.

Fungeni mlango na komeo.

Nimezivaa, nikamalizie safari yake. Nilidhani zitakuwa baridi. Zilikuwa na joto, kama mtu amezivua sasa hivi.

Mama yenu