Kunde Nilizochovya

Jumatatu, 9 Juni
Majani ya kunde tena. Nimechambua tangu asubuhi, mgongo umekufa. Mashine ya Nekesa inanguruma pale pembeni, joto lake kama la tumbo la kuku anayeatamia. Mjukuu wangu huyu, anayeniita Kukhu, bibi yake, anakausha mboga, anawauzia watu wa mtaa wa Westlands wasiokula kilichopikwa. Na yeye amekuwa kama wao. Tangu Pasaka hajagusa sufuria yangu. Amekonda shingo. Inaniuma, basi.

Jumatano, 11 Juni
Leo nimemuuliza. Kitu kikae kwenye joto mchana kutwa, kiitwe kibichi?
"Joto ni kidogo, Kukhu. Maji yanatoka, lakini mboga haiivi."
"Mboga mbichi inakunjika. Hii yako inavunjika."
"Na nguo zako ukianika, huwa umezipika?"
Mjinga huyu. Nimecheka peke yangu jikoni, asinione.

Ijumaa, 13 Juni
Nekesa ameenda mjini, River Road, kuchapisha karatasi za pakiti. Ameniachia kunde niziweke kwenye mashine. Nimezichovya kwanza kwenye maji yanayochemka, kuingiza na kutoa, kama tulivyofanya siku zote kwetu Bungoma. Bila hivyo rangi inakufa. Ndipo nikazipanga.

Jumamosi, 14 Juni
Kunde zimetoka kijani safi. Nekesa amenikumbatia. Amejaza pakiti, Jumatatu zinaenda Westlands. Nikasoma karatasi yake polepole, maana herufi nilifundishwa uzeeni, kanisani. Imeandikwa ni mbichi, haijaguswa na maji ya moto.

Nikinyamaza, Nekesa atauza uongo bila kujua. Nikisema, hatanipa mboga zake tena. Na siku hizi hatuna lingine la kufanya pamoja.

Jumapili, 15 Juni
Nimesema. Tumetoka kanisani tu, hata kitambaa sijavua.
"Yalikuwa yanachemka, Kukhu?"
"Yalikuwa."
Ameketi akabandua karatasi, pakiti moja moja.

Joto la mchana kutwa, mboga ni mbichi. Maji ya kufumba na kufumbua, imepikwa. Sielewi. Nimechoka kutoelewa.

Jumatatu, 16 Juni
Wateja wameambiwa wangoje. Mashine imezimwa. Nimefagia mara mbili.

Jumanne, 17 Juni
Jioni Nekesa ameweka pakiti moja karibu na jiko.
"Hii ni yako. Imeshaiva."
Nimeipika kwa maziwa, nikasonga ugali. Akaketi na bakuli lake, kunde zake mwenyewe za mashine, zimelowekwa maji baridi. Nikachota kwake kwanza, sikuomba. Ngumu. Meno niliyobaki nayo si ya kazi hiyo. Nimetafuna mpaka zikashuka. Hazikuwa mbaya, ila sitamwambia.

Baadaye mkono wa Nekesa ukaja kwenye sufuria yangu.

Nikatazama jiko, nisimshtue.