Mwanga wa Eros, kwa Jicho la Magige

Jumapili, 19 Januari 1975
Barua kutoka kwa profesa wa Dar! Jiwe la angani, Eros, linapita karibu na dunia wiki hii. Anataka tupime mwanga wake unavyopanda na kushuka, na rangi yake, ijulikane ni jiwe la namna gani. Halitarudi karibu hivi kwa miaka mingi. Anataka jicho lilelile lililopima jiwe jingine, Vesta, mwaka 1966. Jicho la kaka Magige, siyo langu. Mimi nilikuwa karani wake tu.

Jumatatu, 20 Januari
Nimeifuta vumbi darubini aliyotuachia padri. Ee Butiama yetu! Mwaka ule wa Vesta baba yuko hai bado, zizi limejaa. Nyota hatukuzijua majina, tukazipa ya ng'ombe wa baba kufuatana na weupe wao. Magige anachungulia, anasema: 'Imemshinda Madoa, haijamfikia Maziwa.' Mimi naandika. Profesa alicheka sana, halafu akakuta vipimo viko sawa! Magige alitambua ng'ombe ng'ambo ya bonde kwa rangi tu. Nimekumbuka mpaka chai ikapoa. Siku zile nazitamani, sitadanganya.

Jumatano, 22 Januari
Bugwema, kwa lori la ushirika, na darubini. Mgongo wote unauma. Operesheni ya kuhamia vijijini ilimleta kaka huku mwaka jana. Nyumba zimepangwa mistari kama madawati yangu ya darasa la tatu. Alinishika mkono, hakutaka kuuachia. 'Bhoke, umekuja nayo? Nilijuaga tu utaileta!' Haendi tena machungani, anasema miguu. Wifi Gati alitaka kusema neno, kaka akamtuma maji.

Alhamisi, 23 Januari
Saa mbili na nusu usiku. Naandika hapahapa uani, mbalamwezi inatosha. Wingu lilipita na manyunyu, nikakifunika kioo cha mbele. Limeondoka. Nikaelekeza bomba la darubini kwenye nyota za Mapacha, kaka hakungoja — ameshainama!

'Andika! Imemshinda Madoa kidogo tu. Sasa inapanda. Rangi yake nyekundu-nyekundu, kama udongo wa kwetu kule.'

Nikaandika. Sauti ileile ya mwaka 66! Karatasi ya profesa imejaa nusu, safi kabisa.

Nikanyoosha mkono kusogeza bomba. Kifuniko bado kipo. Sijakitoa!

Nimemtazama wifi. Ametikisa kichwa, kidole mdomoni. Ananong'ona kwamba kaka haoni tangu masika, hata yeye mkewe anamtambua kwa sauti tu. Kaka amemwapisha asiniambie mimi.

Jiwe liko juu pale, linang'aa, na mimi macho yangu mazima hayajawahi kujua tofauti ya Madoa na Maziwa.

'Bhoke, umeandika?'

Nimemjibu ndiyo, kaka. Bado ameinama, jicho kwenye kioo, anatabasamu. Anasikia penseli yangu inavyokwaruza, anadhani ni vipimo. Nikiacha kuandika atauliza